Nani Ashike Wadhifa? Utangulizi

Wengi wanaoingia katika usalama wa huduma za wingu huanza kwa kuuliza programu fulani iruhusiwe kufanya nini: isome faili zipi, iandike kwenye hifadhidata gani. Kurasa zinazofuata zinatanguliza swali jingine, ambalo mimi naliona gumu zaidi: ni programu ipi iruhusiwe kupata ruhusa hizo?

Katika wingu la Amazon, ruhusa hukusanywa chini ya wadhifa. Programu huushika wadhifa kwa muda na kupewa funguo ambazo baadaye huisha nguvu. Sera moja hueleza mwenye wadhifa anaweza kufanya nini. Nyingine, sera ya uaminifu, hueleza nani anaweza kuushika. Ya kwanza hujadiliwa sana kazini. Ya pili mara nyingi hunakiliwa kutoka mradi uliopita bila kusomwa.

Seva ilipokuwa na kazi moja, hilo halikuleta shida kubwa. Wadhifa uliambatanishwa na seva, na programu iliyomo iliomba funguo kwenye anwani 169.254.169.254. Kisha mwaka 2014 Google ikatangaza Kubernetes, mfumo wa kuendesha makontena, na seva moja ikaanza kubeba makontena ya timu mbalimbali, yakiwa yamefungashwa katika podi. Podi zote zikiuliza kwenye anwani hiyo, zote hupewa funguo zilezile. Ni nyumba ya kupanga ambamo kila mpangaji ana ufunguo wa chumba cha mwenye nyumba.

Madhara ya funguo za seva kuangukia mikono isiyostahili yalionekana mwaka 2019 katika benki ya Capital One. Mvamizi alipitia ukuta-moto uliosanidiwa vibaya, akazipata funguo za wadhifa wa ukuta-moto huo, kisha akachota taarifa za watu wapatao milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada. Chanzo hakikuwa kontena, lakini njia aliyopita iko wazi pia kwa podi yoyote inayoifikia anwani ile. Novemba mwaka huohuo Amazon ilitoa toleo la pili la huduma inayojibu kwenye anwani hiyo, lenye kikomo cha hatua ambazo jibu linaweza kusafiri mtandaoni. Kikomo kikiwa 1, jibu haliifikii podi yenye mtandao wake. Podi inayotumia mtandao wa seva moja kwa moja bado hulipata.

Kabla ya hapo wahandisi walijitengenezea dawa yao, kube2iam: programu inayokaa kwenye kila seva, hudaka ombi la podi, husoma wadhifa ulioandikwa kwenye maelezo ya podi hiyo, kisha huipatia funguo zake. Naiheshimu kazi ile. Tatizo ni kwamba anayeandika maelezo ya podi ni yuleyule anayeomba! Ndiyo maana kikaongezwa kizuizi kinachoorodhesha nyadhifa halali za kila neimspesi, yaani kila sehemu ya klasta (kundi la seva zinazosimamiwa pamoja na Kubernetes) iliyotengwa kwa jina lake. Kizuizi hicho lazima mtu akiwashe mwenyewe.

Septemba 2019 Amazon ilileta njia ya kuambatanisha wadhifa na akaunti ya huduma ya Kubernetes, yaani utambulisho ambao podi huutumia. Klasta hutia saini tokeni inayomtaja mwombaji, kwa mfano system:serviceaccount:malipo:risiti (malipo ni neimspesi, risiti ni akaunti), na sera ya uaminifu hulilinganisha jina hilo na lile inalolikubali. Hapa neno moja lina uzito mkubwa. Ukisahau sharti la jina, akaunti yoyote katika klasta inaweza kushika wadhifa. Ukiweka nyota mahali pa jina la akaunti, umeifungulia neimspesi nzima.

Na hata ukiandika jina kamili, sehemu kubwa ya neimspesi hiyo imeshafunguka. Hili ndilo ningependa msomaji alishike kuliko yote. Kwa kawaida Kubernetes haimzuii mtu mwenye haki ya kuunda podi kuchagua akaunti yoyote iliyomo katika neimspesi yake. Anayeweza kuanzisha podi ndani ya malipo anaweza kuipa akaunti ya risiti, na hivyo kuushika wadhifa wake katika wingu. Mpaka wa kweli basi ni neimspesi, na ulinzi wake umeandikwa katika ruhusa za klasta, ambazo mara nyingi husimamiwa na watu wengine kabisa. Sera ya uaminifu isiyosomwa pamoja na ruhusa hizo haijasomwa.

Njia mpya zaidi, EKS Pod Identity ya mwaka 2023, huhamisha uunganishaji kwenda kwenye EKS yenyewe, huduma ya Amazon ya kuendesha klasta za Kubernetes, na kuzipa funguo lebo za neimspesi na akaunti. Inapunguza uandishi wa sera, lakini haibadilishi suala la nani anaunda podi.

Kwa hiyo kabla ya sura ya kwanza, chukua klasta moja unayoifahamu. Kwa kila neimspesi, andika watu na mitambo yote inayoweza kuunda podi, ukiwemo mtambo unaosambaza programu moja kwa moja, kisha kando yake andika nyadhifa zinazofikika humo. Tutaanza na orodha hiyo.