Blogu ya biashara yako: chagua jukwaa ambalo hutapoteza wateja kesho

Tuseme unaoka keki nyumbani, Nakuru. Ukurasa wako wa Facebook una wafuasi wengi, oda zinaingia, na watu wanalipa kwa till bila shida. Halafu asubuhi moja unaamka na kupata huwezi kuingia kwenye akaunti yako. Mtu ameiiba. Ametoa namba yako ya till na kubandika namba yake ya simu. Wateja wanaendelea kulipa, wewe hupati kitu, na lawama zote zinakuja kwako.

Hiyo ndiyo sababu sisi, watu wa malipo, leo tunaongea kuhusu blogu. Mteja anapotaka kulipa, swali lake la kwanza ni moja tu: hii namba ni ya nani kweli? Ukiwa na mahali pako mtandaoni, penye jina lako na namba yako sahihi, mteja ana pa kuhakikisha. Na wewe unabaki na mlango wako hata kama mlango mwingine umefungwa.

Lakini majukwaa ya blogu ni mengi, na kila fundi atakuambia lake ndilo bora. Wacha tuyapitie polepole.

Jiulize maswali matatu kwanza

Moja: blogu ni ya nini? Kuna anayetaka kuuza, kuna anayetaka kuandika mawazo yake tu, na kuna anayetaka wateja wapate bei, saa za kazi na namba ya kulipia. Hizi ni kazi tofauti.

Mbili: nani ataitunza? Kama ni wewe mwenyewe, tena kwa simu, usiku baada ya kufunga duka, basi chagua kitu chepesi. Blogu ngumu inayoachwa baada ya miezi miwili haikusaidii.

Tatu: utalipa kiasi gani kila mwaka, na kwa njia gani? Majukwaa mengi ya nje hulipisha kwa dola na hutaka kadi. Wauzaji wengi wa hapa Kenya hupokea shilingi kwa simu. Tofauti hiyo utaihisi siku dola ikipanda, au siku kadi yako ikikataliwa na blogu izimike.

Anwani kwanza, jukwaa baadaye

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanachagua jukwaa, wanajenga, kisha wanakumbuka anwani mwishoni. Fanya kinyume.

Anwani yako ya mtandaoni, ambayo mafundi huiita domeni, ni kama jina lililoandikwa juu ya duka. Kwa Kenya, majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, lakini wewe hununua kupitia wauzaji waliosajiliwa nao. Biashara nyingi hutumia .co.ke. Mtu binafsi anaweza kuchukua .me.ke, na shirika lisilo la faida .or.ke. Pia unaweza kupata jina fupi linaloishia na .ke peke yake.

Uzuri wa domeni ni kwamba inahama nawe. Leo uko Blogger, mwaka ujao uko WordPress, na mteja anaandika anwani ileile. Usipokuwa nayo, anwani yako inaishia na jina la kampuni nyingine, na siku ukihama unaanza upya kuwaambia watu ulipo.

Na makampuni hufunga milango. GeoCities, ambako watu wengi walijenga kurasa zao za kwanza, ilifungwa na Yahoo mwaka wa 2009. Posterous ilinunuliwa na Twitter mwaka wa 2012, na mwaka uliofuata ikafungwa. Waliokuwa wamehifadhi nakala za kazi zao walihama. Wengine walipoteza.

Majukwaa yenyewe

*Blogger.* Hili ni la zamani, lilianza mwaka wa 1999 na Google ikalinunua mwaka wa 2003. Ni la bure. Unaingia kwa akaunti yako ya Gmail na kuanza kuandika. Anwani ya bure huishia na blogspot.com, lakini unaweza kuunganisha domeni yako bila kulipa Blogger chochote. Unalipia domeni tu. Kulinda seva ni kazi ya Google, si yako. Ubaya wake ni kwamba miundo yake imezeeka kidogo na halina duka ndani yake. Kwa mtu anayetaka kueleza biashara yake, kuweka picha, bei na namba ya till, linatosha kabisa. Hakuna aibu kuanza hapa.

*WordPress.com.* Hapa unapata WordPress ikiwa tayari imewekwa, na kampuni inakutunzia. Mpango wa bure upo, lakini anwani huishia na wordpress.com, matangazo huonekana kwenye kurasa zako, na huwezi kutumia domeni yako hadi ulipie. Ni chaguo zuri kwa anayetaka WordPress lakini hataki kushughulika na mambo ya ufundi.

*WordPress unayoiweka mwenyewe.* Programu ni ileile, na ni ya bure, lakini unatafuta mwenyewe mahali pa kuiweka. Ni kama kununua vifaa vya ujenzi na kujenga kwenye kiwanja chako. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinatumia WordPress, kwa hivyo fundi wa kukusaidia hakosekani. Unaweza kuongeza duka kwa WooCommerce, na kuna programu-jalizi za kuunganisha malipo ya simu. Lakini kazi yote ni yako: kusasisha, kuhifadhi nakala, kuziba mianya. Programu-jalizi ya zamani isiyosasishwa ni mojawapo ya njia zinazotumiwa sana na wezi kuingia.

*Wix na wenzake.* Unajenga kwa kuburuta vitu, na matokeo hupendeza haraka. Shida ni kuondoka: huwezi kuchukua tovuti nzima ya Wix na kuipeleka kwingine. Ukihama, unajenga upya. Malipo yake pia ni ya dola.

*Medium na Substack.* Haya ni ya mwandishi zaidi kuliko muuzaji. Medium hukupa wasomaji waliopo tayari, lakini kimsingi ni wasomaji wa Medium. Substack hutuma maandishi yako kwa barua pepe, na orodha ya wasomaji unaweza kuichukua ukiondoka, jambo ambalo ni zuri. Ukitaka kulipisha wasomaji, Substack hukata asilimia 10, na malipo hupitia Stripe, ambayo haifungui akaunti za kawaida kwa mfanyabiashara aliye Kenya. Kwa hivyo kama lengo ni kulipwa na wasomaji wa hapa kwa simu, fikiria mara mbili.

Tupige hesabu

Tuchukue yule mwokaji wetu. Tuseme amepata domeni kwa shilingi 1,200 kwa mwaka, na mahali pa kuweka WordPress kwa shilingi 4,800. Jumla ni 6,000 kwa mwaka, yaani 500 kwa mwezi. Kama faida yake kwa keki moja ni shilingi 300, blogu inabidi imletee angalau oda 20 za ziada kwa mwaka ndio ijilipe.

Akianza na Blogger, analipia domeni tu, 1,200. Hapo anahitaji keki nne.

Bei zako zitakuwa tofauti, lakini hesabu ni ileile. Na uulize swali hili kabla ya kulipa: bei ya mwaka wa pili ni ngapi? Wauzaji wengi hupunguza mwaka wa kwanza, kisha bei hupanda. Vilevile, ukijaribu huduma ya nje iliyo "bure kwa siku 14" ukaweka kadi, andika tarehe kwa kalenda ya simu. Usipositisha, watakata.

Malipo ndani ya blogu

Kuna ngazi tatu, na si lazima uanzie ya juu.

Ya kwanza ni kuandika namba yako ya till au paybill kwenye ukurasa mmoja wa malipo. Andika pia jina la biashara litakalotokea kwa simu ya mteja anapolipa. Mteja akiona jina tofauti, anajua asimame. Usitumie namba yako binafsi ya simu kupokea malipo hadharani; matapeli hukusanya namba kama hizo.

Ya pili ni kuweka kiungo cha WhatsApp. Mteja anabonyeza, mnaongea, mnakubaliana bei, ndipo analipa. Kiungo huanza na wa.me kikifuatwa na namba yako yenye 254 mbele, bila sufuri na bila alama ya kujumlisha. Kwa biashara ndogo nyingi, hii inatosha.

Ya tatu ni malipo ya moja kwa moja: mteja anaandika namba yake kwenye blogu, na ujumbe unatokea kwa simu yake ukimwomba PIN. Hii inahitaji duka kama WooCommerce na mtu anayejua kuunganisha. Ina maana kama una oda nyingi hadi huwezi kuzifuatilia kwa mkono.

Ngazi yoyote uliyopo, toa bidhaa baada ya ujumbe wa malipo kufika kwa simu yako au kwa ripoti ya till yako. Picha ya skrini iliyotumwa na mteja si malipo.

Mtego wa fundi

Sasa tufike kwa lile linaloumiza watu sana. Unampa kijana wa mtaani kazi ya kukujengea. Anasajili domeni kwa jina lake, kwa barua pepe yake, anaweka nywila anazozijua yeye. Blogu inapendeza. Mwaka mmoja baadaye muda wa domeni unaisha, barua ya kukumbusha inaenda kwake, na simu yake haipatikani. Blogu inazimika. Baya zaidi, jina likiachwa wazi mtu mwingine anaweza kulisajili, akafungua ukurasa unaofanana na wako, akaweka till yake. Wateja wako wa miaka watamlipa yeye wakidhani ni wewe.

Fundi anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado haya yakatokea. Kwa hivyo, kabla ya kumaliza kumlipa, hakikisha:

- Domeni imesajiliwa kwa jina lako au la kampuni yako, kwa barua pepe na namba yako ya simu.
- Unaweza kuingia mwenyewe kwa muuzaji wa domeni, kwa mahali blogu inapokaa, na kwa blogu yenyewe. Jaribu akiwa hapo.
- Nywila umezibadilisha, na umewasha uthibitisho wa hatua mbili, hasa kwa barua pepe. Anayeingia kwa barua pepe yako anaweza kuingia kote.
- Anwani inaanza na https. Blogger na WordPress.com huweka hiyo bila malipo, na wengine wengi pia.
- Unajua jinsi ya kupata nakala. WordPress na Blogger zote zina sehemu ya kupakua maandishi yako yote. Fanya hivyo kila mwezi na uhifadhi mahali pengine.

Kisha jizoeze jambo moja dogo: kila wiki, fungua ukurasa wako wa malipo kama mteja na usome namba ya till, tarakimu kwa tarakimu. Inachukua dakika moja.

Na neno kuhusu wateja wako. Watu hupenda kuweka picha za ujumbe wa malipo kama ushahidi kwamba biashara inaenda. Ujumbe huo una jina na mara nyingine namba ya mteja. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inakutaka utunze taarifa hizo, kwa hivyo usizianike bila ruhusa ya mwenyewe.

Kwa ufupi

Kama unaanza na bajeti ni ndogo, nunua domeni na utumie Blogger. Kama unataka WordPress bila kazi ya ufundi, lipia WordPress.com. Kama oda ni nyingi na una mtu wa kutunza, weka WordPress yako mwenyewe na uongeze duka. Kama wewe ni mwandishi na huuzi bidhaa, Substack au Medium zitakufaa, mradi ujue pesa zitapitia wapi.

Facebook na TikTok usiziache. Huko ndiko watu walipo. Lakini kila chapisho liwaelekeze kwenye anwani yako, na uwaambie wazi: namba yetu ya malipo ni ile iliyo kwenye blogu yetu, ukiona nyingine tupigie kwanza.

Na kama kawaida tunakukumbusha: hakuna jukwaa, fundi wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako ili kuunganisha malipo. Anayeiomba anataka pesa zako.