Dawa ya Upele Ipakwe na Nyumba Nzima

Mtoto mwenye upele huteseka zaidi usiku. Mchana anacheza huku akijikuna kidogo, lakini akishalala na mwili ukapata joto, mwasho unamzidi hata wanaolala naye wanakosa usingizi.

Chanzo chake ni mdudu wa jamii ya utitiri asiyefikia hata nusu milimita. Jike huchimba ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai, ambayo huanguliwa baada ya siku 3 au 4. Mzazi akichunguza kati ya vidole vya mtoto, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni na makalioni, ataona vipele vidogo, na pengine kimstari chembamba kilichopindapinda: hiyo ndiyo njia aliyochimba mdudu. Kwa watoto wachanga, viganja, nyayo na kichwa navyo hushambuliwa.

Upele hauji kwa sababu mama ni mchafu. Huenea kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda, na watoto wanne wakilala kitanda kimoja, hilo haliepukiki.

Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa. Maana yake, kaka asiyejikuna huenda tayari anao wadudu. Akitibiwa mdogo wake peke yake, atapona kisha ataambukizwa upya, na familia itasema dawa haifanyi kazi.

Dawa zipo: BBE, yaani losheni ya benzili benzoeti, ambayo kwa watoto huzimuliwa, na krimu ya permethrini ya asilimia 5. Wote wa nyumba hiyo wapake siku moja, mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, bila kusahau chini ya kucha. Kwa wachanga, mhudumu wa afya aelekeze. Permethrini hurudiwa baada ya wiki moja. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mwasho unaweza kuendelea wiki kadhaa hata wadudu wakiwa wamekufa, kwa hiyo mzazi asikimbilie kuongeza dawa.

Nguvu ya kutibu watu kwa pamoja ilionekana nchini Fiji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, jamii nzima ilipewa vidonge vya ivermektini. Baada ya mwaka mmoja, wenye upele walishuka kutoka asilimia 32 hadi 2. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017.

Mapunye ya kichwani ni jambo jingine. Hayo ni fangasi walioingia ndani ya unywele, mahali ambapo krimu haifiki. Yanahitaji vidonge, kama vile griseofulvini, kwa wiki kadhaa, na mashine ya kunyolea isafishwe kila inapotoka kichwa kimoja kwenda kingine.

Krimu zenye steroidi zinazouzwa madukani ni hatari kwa magonjwa yote mawili. Hutuliza mwasho kwa siku chache huku ugonjwa ukiendelea kusambaa.

Vidonda vya kujikuna vikitunga usaha, mtoto apelekwe zahanati, kwani bakteria wanaoingia humo wanaweza kusababisha ugonjwa wa figo. Uso ukivimba asubuhi, au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.