Nyumba Zisizofaa Kukaliwa na Watu: Wajibu wa Chama

Vyama vingi vya ushirika nchini Kenya vina nyumba. Katika viwanda vya kahawa, kwenye mabohari na penye vituo vya maziwa huishi walinzi na makarani pamoja na jamaa zao. Aghalabu nyumba hizo ni za zamani, nazo hazitajwi mkutanoni ila paa linapovuja. Kwa hiyo barua ya Afisa wa Afya ifikapo, hutiwa katika faili kana kwamba imeandikiwa mpangaji. Sivyo.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 118, huihesabu kuwa kero nyumba yoyote ambayo kwa ujenzi wake, hali yake, mahali ilipo au uchafu wake yaweza kudhuru afya. Msongamano wa watu nao umo. Afisa akiridhika kuwa kero ipo, hutoa ilani chini ya kifungu cha 119. Iwapo ubovu ni wa jengo lenyewe, ilani hupelekwa kwa mwenye nyumba, wala si kwa alalaye ndani. Mwenye nyumba hapa ni chama.

Yampasa katibu aandike tarehe aliyoipokea ilani hiyo na kuifikisha mbele ya halmashauri upesi, hata kwa kikao cha dharura ikiwa muda uliowekwa ni mfupi. Wakati huo kazi yaweza kuwa ya mabati machache na fundi mmoja. Kupaka chokaa juu ya ufa, kama ifanywavyo mara nyingi mgeni akitarajiwa, si matengenezo.

Ilani ikipuuzwa, shauri huenda kwa hakimu. Chini ya kifungu cha 120, mahakama ikiona kuwa nyumba haifai kukaliwa na watu yaweza kutoa amri ya kuifunga, mpaka yenyewe iridhike kwamba imefaa tena. Yaweza pia kuamuru kwamba kodi isilipwe kwa muda wote huo. Mweka hazina anayekata kodi katika mishahara na aliangalie jambo hilo.

Pale ambapo matengenezo hayawezi kuiokoa nyumba, kifungu cha 124 huiruhusu mahakama kuamuru ibomolewe. Mwenye nyumba hupewa angalau mwezi mmoja kabla ya kuanza kubomoa, naye huondoa vifusi mwenyewe. Afisa wa Afya halipi fidia.

Wako wasemao kwamba haya ni makaratasi tu. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la kupangisha liliporomoka usiku wa mvua huko Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa, lakini wapangaji walikuwa bado wamo. Alama haikumhamisha mtu.

Jambo moja husahauliwa na halmashauri nyingi, nalo ni mahali pa kwenda huyo mlinzi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, humtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao ya kufaa, au amlipe fedha za kutosha kupanga nyumba juu ya mshahara wake. Kufungwa kwa nyumba hakukiondolei chama wajibu huo. Fedha hizo ziingizwe katika makadirio yanayopelekwa mbele ya mkutano mkuu, kando ya zile za ukarabati.