BWAWA NALO HUSHIBA TOPE

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi naongeza kwamba hujaza bwawa pia, tena kwa tope.

Mvua kubwa ikinyesha mjini, maji hayapati ardhi ya kuyafyonza. Juu ni mabati, chini ni lami, basi yote hukimbilia mitaroni. Ili yasiwafurikie watu wa mabondeni, huchimbwa bwawa la kuyapokea na kuyaachilia polepole. Lakini maji yaendayo kasi hubeba mzigo, na yakitulia huutua. Mchanga hutangulia kuzama, pale pale mlangoni. Udongo laini hufuata, baada ya saa nyingi au hata siku kadhaa.

Ubaya umo katika huo udongo laini. Chembe zake hunasa mafuta ya magari, zinki ya mabati na matairi, hata risasi. Kenya iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwaka wa 2006, lakini risasi haiozi; iliyolala topeni bado imo.

Mfano tunao. Bwawa la Nairobi, kati ya Kibera na Lang'ata, lilijengwa mwaka wa 1953 ili kuhifadhi maji, na zamani watu waliendesha mashua za tanga pale. Mto Motoine ukaleta udongo, takataka na majitaka mwaka baada ya mwaka. Uchafu huo ukawa chakula cha magugu maji, yakalifunika bwawa, na mahali palipokuwa maji watu wakalima nduma.

Hasara ni mbili. Kwanza, bwawa lililoshiba tope halina nafasi ya mafuriko. Maji hupita juu kana kwamba halipo. Pili, si kila tope jeusi ni mbolea. Lipimwe kwanza kabla ya kupelekwa shambani, la sivyo sumu itaturudia sahanini.

Dawa ipo. Lichimbwe shimo dogo mbele ya bwawa likamate mchanga, kwa maana hilo ni rahisi kuzolewa. Nyasi zipandwe kandokando ya mitaro. Nasi tusimwage oili chafu mtaroni ati mvua itaichukua. Itaipeleka wapi?

Kwa hivyo wenzangu, tukisikia bwawa jipya linachimbwa, tusipige makofi tu. Tuulize: tope litazolewa na nani, na lini?