Daiquiri ya Mtaa: Guza Kitu Moja Tu

Wasee wengi wakitaka kuunda kokteili mpya hurushia kila kitu kwa jagi: ramu, soda, juisi ya pakiti, alafu wanaomba Mungu. Zii, buda. Kokteili mpya kali mara mob ni ya kitambo, imebadilishwa kiasi.

Cheki Dawa, ile ilishika jina pale Carnivore, Lang'ata Road. Hiyo ni caipirinha ya Brazil: cachaça ikatoka, vodka ikaingia, asali ikakuja na kijiti chake. Ndimu na barafu hazikuhama. Leo ni yetu kabisa.

Sasa shika daiquiri ya Cuba. Sifa hupewa Jennings Cox, injinia Mmarekani wa migodi karibu na Santiago, mwisho wa miaka ya 1890. Hesabu ya daiquiri ni simpo: toti mbili za ramu nyeupe, moja ya ndimu, robo tatu ya maji ya sukari. Ukali, uchachu, utamu. Hesabu usiiguze, badilisha wachezaji, tena mmoja mmoja.

Anza na sukari. Itoe, weka asali, lakini si mbichi, juu ikigusana na barafu inaganda chini ya glasi na huioni tena. Koroga vijiko viwili vya asali na kimoja cha maji ya moto. Onja. Iko fiti, lakini usijigambe: Wacuba wako na canchánchara tangu kitambo, na ni hiyo tu, ramu, asali na ndimu.

Ndio maana tunaleta ukwaju. Loweka, kamua, chuja ibaki nzito. Ndimu usiitoe yote, manze. Ukwaju uchachu wake ni mzito, ndimu ndio huuamsha. Nusu toti kwa nusu toti. Mdomo wa glasi, paka chumvi na pilipili vile mamaa wa maembe hunyunyizia pale stage.

Huna vyombo vya baa? Tumia jar ya jam yenye kifuniko, barafu mob, tikisa hadi nje ishike ukungu. Chuja, mimina.

Ukibadilisha vitu tatu mara moja na ichome, hutajua ni gani imekuuza. Guza moja, onja, andika kwa simu. Hujafika 18? Kunywa ukwaju na asali bila ramu. Umefika? Acha ndai kwa keja, panda mat.