Pima presha kabla ya vidonge vya majira

Akina mama wengi tunaovuka nao mpaka wa Kobero kwenda Kabanga wanatumia vidonge vya majira. Sina ugomvi navyo. Mimi ni mwalimu, nilisoma uhamishoni Tanzania, na huko kambini muuguzi hakumpa mtu pakiti kabla ya kumfunga kile kitambaa cha presha mkononi. Hapa mpakani pakiti inanunuliwa kama sabuni.

Vingi vya vidonge hivyo vina homoni mbili za kutengenezwa kiwandani. Ya kuangaliwa zaidi ni ile ya estrojeni. Huweza kupandisha presha, tena hulifanya ini kutoa kwa wingi vitu vinavyogandisha damu. Bonge likiganda mguuni likapanda hadi mapafuni, huua. Kwa mwanamke mwenye afya jambo hilo hutokea mara chache, chache kuliko wakati wa ujauzito. Lakini mwenye presha ya 140 kwa 90 au zaidi hashauriwi kuvitumia, wala mvuta sigara aliyefikisha miaka 35, wala aliyewahi kugandiwa na damu. Na presha haina kelele. Utaijuaje bila kupimwa?

Mwenye presha hakukosa njia. Kuna kitanzi, kuna kijiti cha mkononi, kuna vidonge vya homoni moja. Aulize kituo cha afya, si muuza duka.

Anayevitumia akiona mguu mmoja umevimba na unauma, kifua kinabana, au pumzi inakata ghafla, aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje gulio lipite.