Askari Aliyeketi Darasani na Watoto

Aghalabu askari akishauriwa arudi masomoni, hujibu kwamba umri umekwisha kumpita. Sisi tuvaao sare tumelisikia jibu hilo katika kila kambi, na baadhi yetu tumelitoa wenyewe. Kwa sababu hiyo twapenda kumsimulia msomaji habari za Ignatius wa Loyola, mtu wa upanga.

Tarehe 20 Mei, 1521, Wafaransa waliishambulia ngome ya Pamplona, Hispania. Wenzake walitaka kusalimu amri. Yeye akawashawishi wapigane. Risasi ya mzinga ikamvunja mguu. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa vita, asizipate. Akaletewa habari za maisha ya Kristo na ya watakatifu. Hapo moyo wake ukageuka, na mwaka 1522 akauacha upanga wake katika kanisa la Montserrat.

Lakini kuongoka ni jambo moja, na kuelimika ni jingine. Akiwa na umri wa miaka 33 hivi, aliketi pamoja na watoto mjini Barcelona kujifunza Kilatini. Kila alipojaribu kuhifadhi somo, mawazo matamu ya dini yalimjia. Mwingine angeyafurahia. Yeye aliyashuku, maana wakati wa sala yenyewe hayakumjia kwa wingi namna hiyo. Akamwahidi mwalimu wake kwamba hatakosa somo hata moja. Ujanja huo wa nafsi twaujua sana: siku ya mtihani wa ramani ndiyo siku kurutu akumbukapo kusafisha bunduki.

Mwezi Februari 1528 aliwasili kwa miguu katika Chuo Kikuu cha Paris, kilichokuwa chini ya Kanisa. Alipoona msingi wake ni dhaifu, alianza Kilatini upya. Fedha zake alimkabidhi Mhispania mwenzake azitunze. Yule akazitumia zote. Ikambidi Ignatius alale katika nyumba ya maskini, ambayo milango yake ilichelewa kufunguliwa na kuwahi kufungwa, hata akapitwa na masomo, huku akiombaomba chakula. Baadaye habari zikamfikia kwamba mdeni wake yu mgonjwa mjini Rouen. Akaenda kwa miguu mitupu, mwendo wa siku tatu, akamfariji na kumtafutia chombo cha kumrudisha kwao.

Mwaka 1529 alihamia Sainte-Barbe, akakaa chumba kimoja na Pierre Favre na Francis Xavier, vijana waliozaliwa mwaka 1506, yaani miaka 15 baada yake. Favre, aliyewahi kuchunga kondoo, ndiye aliyemsaidia mzee huyo katika falsafa. Xavier hakuwa mwepesi kumsikiliza, ilichukua miaka. Hata hivyo, tarehe 15 Agosti, 1534, wote watatu walikuwamo miongoni mwa wenzi saba walioweka nadhiri mlimani Montmartre. Mwaka uliofuata Ignatius akapata shahada yake ya uzamili, umri wake miaka 44 hivi.

Na Xavier ndiye yule ambaye meli yake, ikielekea Bara Hindi mwaka 1542, ilitia nanga Malindi.